Sanduku la Kadi za Buhemba

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka. Inachapwa kwa ombi la Halmashauri.)



Katibu aliponiandikia kuniomba niseme machache, aliniruhusu kuchagua jambo lolote, mradi lisizidi robo saa na lisihusu bei ya vitu. Nimechagua sanduku. Mkiona halina maana, lawama apewe Katibu.

Sanduku lenyewe ni la bati, yaani tranka, kama lile ambalo wengi wetu tulikuja nalo hapa Kidato cha Kwanza, jina limeandikwa kwa rangi nyeupe kwenye kifuniko. Lilikuwa mali ya mzee mmoja wa Buhemba ambaye kwa miaka mingi alikuwa katibu wa klabu ya kandanda ya pale. Klabu hiyo sitaitaja, na sababu mtaiona. Mzee alifariki mwaka juzi. Baada ya matanga wanawe wakaniita: "Baba mdogo, njoo utuambie makaratasi haya tuyachome au tuyaweke." Waliniita mimi kwa sababu katika ile timu ya zamani tumebaki wachache, na wenye macho ya kusoma tumebaki wachache zaidi.

Ufunguo haukuonekana. Kufuli tulilivunja kwa nyundo. Juu kabisa palikuwa na vishina vya tiketi, kipyenga kisicho na gololi, na bladda ya mpira iliyokauka ikawa kama ngozi ya mjusi. Chini yake lilikuwapo bunda lililofungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Zilikuwa kadi za wachezaji wa ligi ya wilaya, daraja la tatu, 41 kwa hesabu yangu.

Vijana, ninyi hamkuziona kadi hizo. Mwaka 2018, Biashara United ya Musoma ilipopanda Ligi Kuu, usajili ulikuwa umekwisha kuingia kwenye kompyuta. Zamani zetu mchezaji alikuwa ni kipande cha karatasi ngumu kinachoenea kiganjani. Juu yake jina, kijiji, klabu na mwaka wa kuzaliwa, maana tarehe wengi hatukuijua. Pembeni picha ndogo, na juu ya picha muhuri wa duara, nusu yake imekaa kwenye picha na nusu kwenye kadi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga. Ukibandua picha, duara linakatika. Kabla ya mchezo timu zilijipanga mistari miwili, mwamuzi akasoma jina, akatazama uso, akatazama kadi. Kapteni wa upande wa pili alisimama karibu naye akichungulia, kwa sababu kila timu iliamini kwamba wenzao wameleta mamluki. Mara nyingi iliamini kweli.

Mpwa wangu anaishi Marekani. Nilipomsimulia kwa simu alicheka, akasema huko kufungua boksi la kadi za zamani ni starehe ya watu wazima. Mchezo wao ni beisiboli, ambao siku hizi unachezwa hata katika baadhi ya sekondari zetu, Azania ya Dar es Salaam ikiwa mojawapo. Kadi za wachezaji wao zamani zilitiwa katika paketi za sigara, baadaye zikauzwa pamoja na ubani wa kutafuna. Kadi moja ya mwaka 1952 ya mchezaji Mickey Mantle iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Nikamwambia arudie hesabu hiyo, akarudia. Lakini, akasema, zipo pia kadi za ligi ndogo, za timu za miji midogo. Hizo hazina bei, mpaka mmoja wa wale vijana apande. Hata Michael Jordan, ambaye ninyi mnamjua kwa viatu, aliacha mpira wa kikapu, na mwaka 1994 akacheza beisiboli katika ligi ndogo na timu ya Birmingham Barons. Hakupanda.

Basi akaniuliza, "Mjomba, katika hizo 41 yumo aliyepanda?"

Hayumo. Mkoa wetu umetoa watu. Suleiman Nyambui wa Majita alipata medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980, na tulimshangilia redioni mpaka betri zikalia. Lakini katika sanduku la Buhemba hayumo hata mmoja ambaye gazeti liliwahi kumtaja. Yumo golikipa wetu aliyekuwa akisali kabla ya kila kona. Wamo ndugu wawili waliotofautishwa na mama yao tu. Wamo watatu waliokwenda vitani Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, akarudi mmoja. Na wachezaji saba wamevaa koti lile lile. Lilikuwa koti la mpiga picha wa Musoma. Alikuwa nalo moja, na kila aliyeingia studio alivikwa, mnene kwa mwembamba. Wanawe marehemu walicheka sana, nami nilicheka nao. Nilikuwa nacheka bado nilipoifikia kadi ya mwisho.

Ilikuwa na jina la rafiki yangu na picha yangu.

Ndugu Mwenyekiti, hapa ndipo ninapotaka kusema lililonileta.

Ilikuwa likizo ya Desemba 1976. Mimi nilikuwa nimemaliza Kidato cha Tatu katika shule hii. Baba alikuja Buhemba kwa ajili ya mgodi wa dhahabu, na mgodi ulipofungwa akabaki akilima pamba na muhogo. Rafiki yangu hakupata nafasi ya sekondari. Alikuwa akichimba katika mashimo ya zamani, akiosha mchanga, na jioni alicheza namba kumi na moja. Mguu wake wa kushoto nimeuona mara chache maishani, na nimetazama mpira mwingi. Wiki mbili kabla ya mchezo wa kuamua bingwa, jiwe lilimwangukia mguuni shimoni. Mguu huo huo.

Usajili ulikuwa umefungwa. Usiku katibu akaja nyumbani na kadi mfukoni. Aliniuliza kama ninayo picha. Ninayo, nilibakiwa na moja niliyopiga kwa ajili ya shule. Akachemsha maji, akaiweka kadi juu ya mvuke, picha ya rafiki yangu ikabanduka polepole bila kuchanika. Akabandika yangu kwa uji mzito wa muhogo. Kisha akatoa penseli ya zambarau, ile ambayo ukiilamba inaandika kama wino, akamalizia nusu ya duara iliyokosekana. Alikuwa na mkono mzuri, Mungu amrehemu.

Nilimwuliza, "Mwenyewe amekubali?"

Akajibu, "Mwenyewe ni mtu wa klabu."

Hilo halikuwa jibu, nami nililijua hivyo. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kucheza.

Mwamuzi alisoma jina la rafiki yangu, nikaitika. Nilifunga mabao mawili, tukawa mabingwa, watu wakanibeba. Baada ya mchezo mtu mmoja kutoka Musoma, aliyekuwa akitafuta vijana wa timu ya mkoa kwa ajili ya Kombe la Taifa, alinishika bega akaniuliza jina. Viongozi wa klabu wamenizunguka. Nikataja lile la kwenye kadi. Akaliandika.

Barua ilifika mwezi wa pili, mimi nikiwa nimerudi hapa bwenini. Ilikwenda kwa mwenye jina. Mguu wake ulikuwa umeanza kupona, naye aliamini kwamba alionekana katika michezo ya mwanzo wa msimu, jambo ambalo lingewezekana kabisa. Akaazima viatu, akaenda Musoma. Yule bwana akamtazama, akasema siye. Akasema kwamba huyu amejitwalia jina la mtu. Alete kadi ya klabu. Akarudi Buhemba kuomba kadi, katibu akamwambia imepotea. Ingetolewa ile kadi, tungenyang'anywa ubingwa. Watu wazima kumi au zaidi walijua, hakuna aliyefungua kinywa. Msimu uliofuata hakusajiliwa, kwa kuwa jina lake lilikuwa na utata. Fikirini, kijana ameambiwa ameiba jina alilopewa na babu yake.

Mimi nilizipata habari likizo ya Pasaka. Nilijiambia nitasema baada ya mtihani wa Kidato cha Nne. Baada ya mtihani kukawa na Kidato cha Tano, kisha JKT, kisha chuo, kisha kazi Mwanza. Tulikuwa tukikutana misibani na kuulizana hali. Hakuwahi kuniuliza, nami nilijitia moyo kwamba hajui.

Sasa nilikuwa nimeishika kadi. Wadudu walikuwa wamekula ule uji wa muhogo, maana ni chakula, na picha yangu ilidondoka yenyewe mapajani. Mahali pake pakabaki mraba mweupe na ukingo wa muhuri halali. Ndani ya kadi, katika karatasi ya sigara iliyokunjwa vizuri, ilikuwamo picha yake. Mzee hakuitupa. Kwa nini aliitunza miaka yote hiyo, siwezi kumsemea.

Nilikwenda kwake siku ile ile. Ana mbuzi kadhaa na wajukuu wengi zaidi ya mbuzi. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, akaniambia nikae. Akaitazama picha kwa muda.

"Nilikuwa na nywele," akasema.

Nikamwomba radhi. Akasema alijua tangu mwaka ule ule. Mama yangu ndiye aliyekwenda kumwambia mama yake, na wazee wawili hao walikubaliana wasitugombanishe. Kwa hiyo miaka yote ya misiba alikuwa akingoja niseme mimi. Hilo lilinichoma kuliko angenitukana.

Kisha akauliza, "Yale mabao mawili, ulifunga kwa mguu gani?"

"Moja kwa kulia, moja kwa kichwa."

Akatikisa kichwa. "Krosi ile ya kichwa, mimi ningeiacha ishuke."

Hakusema kwamba amenisamehe, na mimi sikumwuliza tena. Alinirudishia picha yangu. Yake tuliibandika pamoja pale pale kwa gundi ya dukani, mjukuu wake akashikilia tochi. Nusu mbili za muhuri zilikutana.

Ndugu Mwalimu Mkuu, kadi hiyo ninayo hapa mfukoni, na mwenyewe ameniruhusu nije nayo. Ninaomba iwekwe katika kabati la vikombe, pale karibu na ofisi. Najua hakusoma hapa. Lakini picha yangu ya timu ya shule ya mwaka 1977 imo katika kabati hilo, na nafasi niliyocheza ni namba kumi na moja. Jina lake sikulitaja leo, mtalisoma wenyewe kwenye kadi.

Ameniagiza niulize pia kama kabati lina kufuli.