Ajira kwa vijana: kabla ya kuuliza ni kazi ngapi, uliza ni nani atafikiwa

(Nakala ya mazungumzo yangu na vijana. Nimeigawa vipande ili isomeke kwa urahisi.)

1/ Kila mdahalo wa siasa, swali la ajira halikosi. Mgombea anataja idadi, laki kadhaa, milioni kadhaa, ukumbi unapiga makofi. Leo tuiache idadi. Tuangalie malango matatu ambayo kijana anakutana nayo kabla jina lake halijasomwa na mwajiri yeyote.

2/ Lango la kwanza ni kitambulisho. Bila hicho hufungui akaunti ya benki, husajili laini ya simu, huandikwi kazi. Kwa miaka mingi kijana Mnubi wa Kibra au Msomali wa Garissa aliitwa mbele ya kamati kuthibitisha kwamba ni Mkenya, wakati mwenzake wa kwingine anajaza fomu tu na kwenda zake. Wamakonde wa Kwale walilazimika kutembea kwa miguu kuelekea Nairobi mwaka 2016 ili watambuliwe.

3/ Februari 2025 lilitolewa agizo la kuondoa upekuzi huo wa ziada kaunti za mpakani. Ni hatua nzuri. Lakini agizo halimsaidii mtu kama karani wa ofisi ya kwao hajalifuata.

4/ Lango la pili ni makaratasi. Cheti cha tabia njema, cheti cha HELB, cha KRA, cha CRB. Huna kazi, lakini unadaiwa pesa ili uonekane unafaa kuomba kazi! Sheria ya Ajira ilirekebishwa mwaka 2022: mwajiri asidai vyeti hivi mpaka awe na nia ya kukuandika kwa mkataba. Ukiona tangazo linavitaka siku ya kutuma maombi, uliza kwa sheria gani.

5/ Lango la tatu mnalijua: kujuana. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya nafasi za ngazi ya kuanzia ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Katiba, Ibara ya 54, inataka asilimia 5 ya nafasi za kuteuliwa na kuchaguliwa ziwe za watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Na asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu.

6/ Kuna watakaosema, "Mwenye sifa apewe kazi, mambo ya mgao tuachane nayo." Sawa, lakini sifa hupimwa ukishaingia ndani. Aliyezuiwa langoni atapimwa saa ngapi?

7/ Tuseme ukweli pia: mgao usiosimamiwa huishia kwa watoto wa wakubwa wa jamii ileile iliyotengwa. Ndiyo maana orodha za walioajiriwa lazima ziwekwe wazi.

8/ Kwa hivyo mdahalo ujao, muulizeni mgombea mambo matatu. Kitambulisho kwetu kinachukua muda gani? Ofisi yako ilidai vyeti gani mara ya mwisho ilipoajiri? Orodha ya walioajiriwa iko wapi tuisome?

Akijibu kwa idadi tu, jueni hajajibu.