Neno la Ndugu Watatu kwa Wanakwaya



Katika jubilei hii tumepewa dakika chache tuseme habari za kitindamimba wetu, yule mnayemwona kila Jumapili na kayamba yake kando ya ngoma. Hali yake inaitwa sindromu ya Down: alizaliwa na kromosomu moja ya ziada, ile ya 21. Si laana, wala mama hakula kitu kibaya. Tulikua hapa Ghuba ya Ferguson tukisikia mengine kabisa.

Kumlea kulikuwa kazi ya zamu. Mama akienda kukausha samaki, mmoja wetu alibaki nyumbani, maana mdogo wetu anapenda maji kuliko chakula. Kwa ajili ya zamu hizo dada mkubwa alichelewa mwaka mzima kwenda sekondari Lodwar. Yeye hajawahi kulalamika. Sisi wawili ndio tunaolisema. Ziwa lilipopanda mwaka 2020 likasogelea nyumba, tulizungusha ua wa matawi ya mathenge, naye akajua kuufungua kabla hatujamaliza kujisifu.

Majina aliyoitwa njiani hatutayaandika katika kitabu hiki. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdharau. Kwaya hii ilimwita kwa jina lake, ikamshonea sare. Kayamba yake huchelewa kidogo. Mwalimu wa kwaya ameacha kumsahihisha, na kusema kweli nyimbo za taratibu zinapendeza zaidi hivyo.

Sasa mama amezeeka. Mmoja wetu anafanya kazi Kakuma, mwingine Lodwar, na aliyebaki huku ana watoto wadogo. Tumekubaliana kwamba mama akitangulia, mdogo wetu hatahamishwa. Huku anaijua njia ya kanisa na anazijua sauti zenu. Atakayehama ni mmoja wetu.

Lakini kwa leo tuna ombi. Siku za mazoezi mama bado humrudisha nyumbani gizani kwa miguu. Tunaomba watu wawili kila juma wa kumsindikiza. Karatasi ya kujiandikisha iko kwa katibu wa kwaya. Mkitembea naye, mmoja wenu akae upande wa ziwa.