Kiti Kipo, Msaidizi Hayupo

Katika kliniki ya meno, pengo la watumishi haliwi la daktari peke yake. Asipofika msaidizi wake, yule anayefyonza mate, kuandaa dawa ya kuziba jino na kutakasa vifaa, wagonjwa hurudishwa nyumbani hata kama daktari yupo. Ndiyo maana wasimamizi wa kliniki za vitongoji kama Tensta, hapa Stockholm, wanapaswa kugawa kazi upya. Nchini Sweden mtaalamu wa usafi wa kinywa anaruhusiwa kumpima mgonjwa na kutibu fizi bila rufaa. Basi apewe uchunguzi wa kawaida, daktari abaki na kutibu mizizi na kung'oa meno.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Tensta ni mtaa wa wahamiaji, wakiwemo wenzetu wa Afrika Mashariki. Daktari wa meno aliyesomea Muhimbili, Tanzania, kwa kawaida hapati leseni ya Socialstyrelsen, mamlaka ya afya ya Sweden, mpaka afaulu mtihani wa nadharia na wa vitendo, ajue Kiswidi cha ngazi ya juu, kisha afanye mazoezi kazini. Masharti hayo ni ya haki. Kinywa cha mgonjwa si mahali pa kubahatisha. Kinachoumiza ni kungoja nje ya kliniki, ujuzi ukififia. Kazi ya msaidizi haidai leseni hiyo. Serikali ya mkoa wa Stockholm, inayomiliki kliniki za umma za Folktandvården, iwaajiri madaktari hawa huko kama wasaidizi, kwa mshahara halali, wajifunze Kiswidi cha kazini huku wakijiandaa kwa mitihani. Na ianze na vitongoji hivi.