Neno "Uhuni" na Heshima ya Mtu

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, mcheni Mwenyezi Mungu katika vitendo vyenu na katika ndimi zenu. Leo tutazame neno moja, nalo ni "uhuni". Kuanzia Magomeni na Mwananyamala hadi Tandika na Mbagala, neno hili halikauki vinywani. Asili yake ni kutangatanga bila ya makao. Tena likamaanisha hali ya mtu asiyeoa au kuolewa. Katika maana hizo hamna zinaa wala wizi. Lakini leo mwanamke akiitwa mhuni, msikilizaji hafahamu ila uchafu.

Mchanganyiko huu umewaponza wengi. Mwaka 1944 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwaondoa mijini Waafrika iliowaona hawafai, na kijana aliyekuja kutafuta kibarua akahesabiwa mhuni. Mwaka 1983, miaka mingi baada ya uhuru, ilikuja Sheria ya Nguvukazi, na wasio na kitambulisho cha kazi wakasombwa barabarani.

Serikali tuziache, sisi wenyewe tuna mahakama zetu za barazani, nazo hazifungwi hata siku ya Idi. Mjane wa Tandika hutoka usiku kwenda Feri kununua samaki wa kukaanga, apate kuwalisha mayatima wake. Jirani akimwona husema: "Yule mhuni." Je, ameona nini? Ameona ndoo.

Aya ya 4 ya Suratun-Nur yamtaka mwenye kumsingizia mwanamke aliyejihifadhi alete mashahidi wanne. Akishindwa, adhabu yake ni viboko 80, na ushahidi wake haupokelewi. Wanachuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa neno la wazi huhukumiwa kwa uwazi wake, na neno la fumbo huulizwa nia ya msemaji. "Uhuni" ni fumbo, na wengi hujificha humo: "Mimi nilikusudia kutangatanga tu!" Barazani atasalimika, bali Mwenye kuzijua nia hadanganyiki kwa kamusi.

Aya ifuatayo yafungua mlango wa toba kwa mwenye kutengeneza alichoharibu. Basi aliyenena arudi baraza ile ile, mbele ya watu wale wale, aseme kwamba alinena asilolijua.