Jinai Haimalizwi Chini ya Mwembe

(Maneno ya Afisa Ustawi wa Jamii kwa wenyeviti wa vijiji na vitongoji)



Jambo langu ni moja. Mnapoletewa habari ya binti aliyebakwa, au mwanafunzi aliyepewa ujauzito, je, habari hiyo hufika polisi, au huishia chini ya mwembe?

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 uliuonesha mkoa wetu wa Katavi ukiongoza nchini: wasichana 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa wajawazito. Tangu mwaka 2016, adhabu ya kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30.

Nafahamu kwa nini wazazi hunyamaza. Kituo kiko mbali, nauli haipo, na mtuhumiwa ni jirani au shemeji. Ng'ombe wawili wa fidia huonekana bora kuliko kesi ya miezi mingi. Lakini ng'ombe huingia katika zizi la baba; binti hubaki na jeraha lake, na mkosaji hubaki kijijini akitazama mabinti wengine.

Mwenyekiti ana heshima ya kusuluhisha ugomvi wa majirani. Jinai hii si ya kusuluhishwa. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinamtaka kila ajuaye kosa kutoa taarifa kwa polisi au kiongozi wa eneo lake. Basi mwananchi akikujia, hajakuletea shauri la kuamua. Amekuletea taarifa ya kuifikisha.

Aliyebakwa asioge, wala nguo zake zisifuliwe. Afikishwe hospitali mapema, kwani dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hufaa ndani ya saa 72 tu. Polisi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto, na mpatiwe fomu ya PF3. Namba ya dharura ya polisi ni 112. Ya huduma ya simu kwa mtoto ni 116.

Nasi watumishi tujihoji. Mzazi aliyetembea nusu siku, kisha akaambiwa arudi kesho, harudi tena, na jirani zake hawatakuja kamwe. Tukiwataka wananchi waseme, sharti wakute anayesikiliza.