BURSE NI HAKI YA NANI? Maneno kwa Wazazi na Vijana wa Kabimba

(Maneno haya yalisemwa Kabimba mbele ya wazazi, walimu na vijana. Twayachapa kama yalivyosemwa, kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Wengine mmetoka ziwani bila kulala, wengine mmetoka zamu ya usiku kiwandani, na bado mmekubali kukaa juani kutusikiliza. Kwa hiyo hatutawachosha na salamu ndefu. Jambo lililotuita ni moja: mtoto wa Kabimba aliyeshinda mtihani wa Serikali, na nyumbani kwao hakuna fedha, atamalizaje chuo kikuu?

Angalieni, hatukusema ataingiaje. Kuingia hatushindwi sana. Baba huuza mbuzi, shangazi hufungua kitambaa chake, mjomba hutoa deni la ndakala, na mwaka wa kwanza hupita. Mwaka wa pili mbuzi hakuna na mjomba amenyamaza. Ndipo mtoto anaporudi Kabimba na kusema amekuja kupumzika kidogo. Sote twajua mapumziko hayo huwa marefu.

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Wabelgiji walitutawala miaka mingi, lakini chuo kikuu cha kwanza, Lovanium ya Leopoldville, kilifunguliwa 1954 tu, na cha Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, 1956. Tarehe 30 Juni 1960 tulipopata uhuru, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30 katika nchi nzima. Ndiyo maana baada ya uhuru Serikali ilitoa burse, na mwanafunzi alihesabiwa kama mali ya taifa.

Burse ile haikuwa zawadi tu. Ilipiganiwa. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana katika mitaa ya Kinshasa wakidai burse itoshe kuishi, na wapewe sauti katika uendeshaji wa chuo. Askari waliwapiga risasi, wakafa makumi. Mwaka 1971 wanafunzi walipowakumbuka wenzao wale, walichukuliwa wakatiwa jeshini. Basi kijana akikuambia leo kwamba burse ni jambo la kuomba kwa magoti, mwambie kuna waliolipa kwa damu.

Nchi ilipozama katika madeni, mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, burse hiyo ya wote ilidhoofika mpaka ikafa. Mzigo ukahamia kwa mzazi. Tangu 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bure, nasi twalipongeza jambo hilo. Lakini bure ile inaishia chini. Huko juu kila mtu na mfuko wake.

Mtatuuliza: Je, burse hazipo kabisa? Zipo. Kuna Excellentia ya mfuko wa mke wa Rais, kuna BEBUC iliyoanzishwa 2009 kwa msaada wa marafiki wa Ujerumani. Ni kazi njema. Ila zote hutazama kwanza nani amepata alama za juu. Hapo ndipo twataka tusimame kidogo.

Tuseme kuna vijana wawili. Wa kwanza alisoma mjini, nyumba ina umeme, baba alimnunulia vitabu, akapata 80 kwa mia. Wa pili ni binti wa hapa. Alfajiri huanika ndakala na mama yake, mchana yuko shuleni, usiku husoma kwa taa ya kuazima, akapata 62. Nani ana akili zaidi? Sisi hatujui, na nambari hizo hazituambii. Lakini twajua nani atakosa chuo asiposaidiwa. Wa kwanza, akipewa burse, baba yake atanunua gari. Wa pili akikosa, ataolewa kabla ya mwaka kwisha. Burse ya kipaji inampa tuzo aliyekwisha kufika. Burse ya mahitaji inamshika mkono aliye njiani. Nchi inahitaji zote mbili, lakini hapa kwetu ya pili haipo. Na kamba hukatikia pembamba: nyumba ikiwa na fedha za mmoja tu, anayebaki nyumbani mara nyingi ni binti.

Sasa tuhesabu gharama, maana wengi wetu tunadhani ni minervali tu. Minervali hutajwa kwa dola, nasi twapata faranga. Kuna chumba, hata kama chuo kiko Kalemie, na mtoto hawezi kwenda na kurudi Kabimba kila siku. Kuna bukari na mboga. Kuna silabi za kununua, na asiyenunua hujikuta ananakili usiku kucha kwa rafiki. Kuna nauli ya mashua. Kuna kuchapisha kazi ya mwisho, ambayo imewakwamisha vijana waliokwisha maliza masomo yote. Msaada unaolipa minervali peke yake ni sawa na kumpa mvuvi wavu bila mtumbwi.

Jambo gumu kuliko yote ni hili: mhitaji ni nani? Kila mzazi hapa akiulizwa atasema ni yeye.

Wenzetu wamejaribu njia mbalimbali. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania walitunga sheria mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi 2005. Wao hutazama kama mwombaji ni yatima, kama ana ulemavu, kama kaya yao iko katika mpango wa TASAF wa kusaidia maskini. Kijana akipata kazi hurudisha, na sheria ya 2016 iliruhusu akatwe 15 kwa mia ya mshahara. Kenya nao mwaka 2023 walianza utaratibu wa kuwapanga wanafunzi kwa makundi kulingana na uwezo wa nyumba zao, kwa maswali ya kujaza katika mashine. Malalamiko yakawa mengi kwamba watoto wa maskini wamewekwa pamoja na wenye nacho, hata shauri likafika mahakamani. Mashine haimjui mtu.

Kwetu mkopo hatuusifu. Mkopo unataka mwajiri mwenye daftari la mishahara, wa kukata kila mwezi. Kijana wetu akimaliza akawa mwalimu asiyelipwa na Serikali miaka mitatu, mtamkata nini?

Lakini kazi ya kumjua mhitaji, Kabimba tunaiweza kuliko mashine. Tuna aina mbili kubwa za nyumba hapa. Mfanyakazi wa kiwanda ana mshahara unaoonekana, hivyo watu humwita tajiri, hata kama anakula nao watu kumi na wawili. Mvuvi haonekani ana kitu, lakini wiki moja nzuri ya ndakala humpa fedha nyingi. Kisha mwezi unakuwa mkubwa, mwanga unajaa ziwani, taa hazivuti samaki, na nyumba yake haina hata chumvi. Ukienda kumpima mvuvi siku za giza utasema hana shida. Ukienda siku za mbalamwezi utasema ni fukara. Kwa hiyo twashauri nyumba itazamwe kwa mwaka mzima, si kwa siku moja. Iulizwe: wanakula wangapi? Nani anafanya kazi, na je, analipwa? Wako wangapi shuleni? Kuna mgonjwa? Kuna mjane? Na wanaouliza wasiwe ndugu wa mwombaji. Majina ya waliosaidiwa yasisomwe hadharani kanisani au sokoni. Hesabu za fedha zisomwe, ndiyo, majina, hapana. Mtoto wa maskini ana heshima yake.

Fedha zitoke wapi? Zamani Wachagga wa Kilimanjaro, waliounda chama chao cha ushirika KNCU mwaka 1933, walitumia fedha za kahawa kujenga shule zao. Mwaka 1959 ndege ya wanafunzi ilitoka Nairobi kwenda Marekani ikiwa na vijana 81. Tom Mboya aliomba nauli kwa marafiki wa huko, lakini jamaa vijijini nao walichanga fedha za matumizi. Hao hawakuwa matajiri.

Sisi kahawa hatuna. Tuna mawe. Kilima cha chokaa kinavunjwa, kinasagwa, kinachomwa, kinatoka katika mifuko ya simenti na kwenda kujenga nyumba za miji mingine. Sheria ya madini ya nchi yetu, iliyorekebishwa 2018, inamtaka mwenye kibali cha kuchimba madini, au machimbo ya kudumu ya mawe, atoe angalau 0.3 kwa mia ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii inayoguswa na kazi yake. Yaani katika kila dola 1,000 za simenti iliyouzwa, dola 3. Ni kidogo? Mauzo yakiwa milioni 10, hizo ni dola 30,000. Na fedha hizo hazisimamiwi na kampuni peke yake. Jamii ina wajumbe wake katika chombo cha kuzisimamia.

Hatumtukani mtu, wala hatusemi fedha zimeliwa. Twasema tuulize, kwa barua, kwa adabu, tukitaja sheria: mwaka jana zilikuwa ngapi, zimefanya nini, na je, sehemu yake yaweza kuwa mfuko wa masomo ya watoto wa nyumba zisizo na uwezo? Kisima na zahanati ni lazima; hatutaki burse ivizibe. Lakini zahanati hiyo daktari wake atatoka wapi?

Mfuko ukipatikana, minervali ilipwe moja kwa moja kwa mhasibu wa chuo kwa risiti. Fedha za chakula apewe mwanafunzi kwa mafungu ya kila mwezi. Anayefeli kwa ugonjwa asikatwe. Anayefeli kwa pombe, wazazi wake waitwe kwanza.

Barua tumekwisha iandika, iko hapa mezani. Mwalimu ataisoma kwa sauti mara mbili, na penye neno msilolipenda mseme sasa. Kisha wenye kujua kuandika watie sahihi, na wasiojua watie dole gumba. Wenye watoto walioshinda mtihani wa mwaka huu, au waliorudi "kupumzika", wasiondoke kabla hatujaandika hali ya nyumba zao, mmoja mmoja, pale chini ya mwembe, mbali na masikio ya watu.