Juu ya nini hatutafungua kipimo cha konvertisere
(Maneno ya kamati ya ufundi kwa mkutano wa wanachama, Bukavu)



Ombi lenu tumelisikia. Konvertisere ya shirika inazima kila mara mashini ya kusaga inapoanza, na kuna fundi wa mtaa anasema atafungua kipimo ili itoe zaidi. Siye tunasema hapana.

Konvertisere yetu ni ya wati 3000. Kwa volti 220, ile ni karibu ampere 14. Kwa sekunde chache tu inakubali mara mbili, 27 hivi. Mota ikishazunguka inatosheka na 9. Lakini pa kuanza inavuta mara tano mpaka saba: 45, hata 60. Ni sawa na kusukuma gari iliyokwama kwenye tope ya Panzi. Umeme wa Ruzizi unavumilia ile, siku unapokuwepo. Konvertisere haivumilii. Ndani iko na transista ndogo, zinaungua kabla disjonkteri ya ukutani haijashtuka. Disjonkteri inalinda nyaya, haikutengenezwa kwa ajili ya transista. Kipimo cha ndani ndicho kinachungulia mkondo maelfu ya mara kwa sekunde; ukizidi kinaukata, volti inashuka, na hali ikiendelea kinazima yote.

Na tusisahau upande wa betri. Kwa volti 48, wati 3000 ni zaidi ya ampere 62. Ukifungua kipimo, nyaya zile zinapata moto, na depo yetu iko Kadutu, mbao kwa mbao na jirani. Watu waliorudi kutoka Nyarugusu na mabati mawili, tutawaambia nini zikiungua?

Sasa, volti ikishuka nusu, nguvu ya kuzungusha inabaki robo. Mota iliyojaa mahindi inanguruma tu. Kwa hiyo tangu juma hili: frigo na pasi zizimwe kwanza, mashini ianze tupu, mahindi yamiminwe polepole ikishashika mwendo. Ikikataa mara mbili, iacheni ipoe, mumwite mmoja wetu.

Kwa wafadhili: tunaomba mota ya fezi tatu pamoja na variateri yake, ile inayoanza taratibu bila kupita mkondo wa kazi. Konvertisere ya pili, kubwa zaidi, hatuiombi. Karatasi ya bei iko kwa mwekahazina.